Pumzi za Mihayo

Haya, kaa vizuri nikutegee, na utege sikio, si mkono. Ninaye mwana: ugali hali, nyama hali, yeye ni maji tu. Akishakunywa anayatoa taratibu, wala humwoni akiyatoa, na nyumba nzima inalainika kama ngozi iliyopakwa mafuta. Lakini mwana huyo usipomwogesha anakukohoza mpaka unazikwa. Ni nani?

Usiseme wingu. Wingu nani amewahi kuliogesha? Umeshindwa? Basi nipe mji. Unanipa Tabora? Nimeupokea kwa mikono miwili. Nimekwenda Tabora, nimekula asali ya miombo nikalamba na vidole, nikakuta wenyeji wake wengi hawapo. Nilipouliza wamekwenda wapi, nikaonyeshwa juu. Nikawafuata huko huko juu, na jibu nimelikuta nyumbani kwa Bibi Kalunde, juu ya kijimeza karibu na kitanda cha mtoto. Ni mtungi wa mvuke.

Bibi Kalunde alikuwa Mnyamwezi kwa kabila, na kwa miaka kumi na miwili sasa alikuwa mtu wa Mwezi kwa anwani pia. Kitongoji chao kiliitwa Mwandamo, kimefunikwa chote kwa paa moja la kioo kizito, na Dunia ikining'inia juu yake kama sahani ya buluu. Asubuhi ile, saa mbili kwa saa ya nyumbani, alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi wake kama alivyofanya kila asubuhi, anasoma kidirisha.

Kalunde, arobaini na nane. Nyamizi, thelathini na mbili. Wande, kumi na tatu. Mihayo, saba.

"Umeamkaje, mzee," akanong'ona. "Jana saba, leo saba. Umejitahidi."

Hewa ya Mwandamo hukaushwa makusudi, kwa sababu unyevu ukiachwa uzurure barabarani unakula nyaya na mabomba. Kwa hiyo kila nyumba hujitafutia unyevu wake. Kaa siku mbili bila mtungi, midomo inapasuka. Siku ya tatu pua inatoka damu. Mtungi hukusanya maji ya pumzi za waliomo ndani, huyachuja, huyapandisha kwenye utambi mpana, kisha huyarudisha hewani. Na kwa kuwa kila mtu pumzi yake ina alama yake, wataalamu waliweka kidirisha kinachoonyesha katika kila sehemu mia za maji yaliyomo, ngapi ni za nani, ili anayepoteza maji kuliko kawaida ajulikane kabla hajaanguka. Hawakufikiria kwamba mtu akifa jina lake litabaki pale pale, likipungua kidogo kidogo, mbele ya macho ya mkewe.

Mihayo alifariki miezi tisa iliyopita, na siku ile kidirisha kilimwonyesha arobaini na moja. Kuosha mtungi ilikuwa kazi yake ya kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi, kengele ya mtungi ililia ti-ti-ti kumkumbusha mwenye nyumba, na Kalunde akaiacha ilie mpaka ikachoka. Ijumaa ya pili alikwangua nta kwenye chombo cha asali alichokuja nacho kutoka Tabora, akaikandika kwenye tundu la kengele. Tangu hapo kimya. Maana mtungi ukioshwa maji yote humwagwa, na kidirisha huanza upya na majina ya walio hai tu.

Wande akakohoa kule chumbani. Kilikuwa kikohozi cha kukwaruza, kama mtu anayefuta sufuria kwa mchanga, na mwenye kukohoa hakuwa ametimiza hata mwaka.

"Meno hayo," Kalunde akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza. Juzi alisema ni maziwa. Wiki iliyopita alisema ni vumbi la viatu vya watu wanaotoka nje ya paa.

Nyamizi akatokea na mtoto begani. Nyamizi alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pili, na kwa desturi ya kwao bibi na mjukuu wa kike ni wake wa mume mmoja. Walikuwa wakitaniana hivyo tangu Nyamizi ajue kusema.

"Mke mwenzangu, umemwamkia mume peke yako tena?"

"Zamu yangu. Wewe zamu yako ilikwisha ulipokuwa na miaka minne, ulipomkojolea shati la harusi ya watu."

Siku zote Nyamizi angecheka hapo. Safari hii alimhamishia mtoto bega la pili.

"Bibi, nimemwita fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa mtungi. Wande ana wiki tatu anakohoa. Zahanati wamempa dawa mara mbili, hazijasaidia. Jana daktari kaniuliza mtungi wenu umeoshwa lini. Nikasema sijui. Nikaona aibu, Bibi, mimi mtu mzima."

"Mtungi huu haujaharibika."

"Sijasema umeharibika."

"Basi fundi wa nini?"

Nyamizi akashusha pumzi. "Gari la machimbo linaondoka saa nane mchana. Fundi akisema kikohozi kinatoka kwenye mtungi, na wewe ukakataa usioshwe, mimi na Wande tunapanda. Tunakwenda kwa baba yake."

Baba yake Wande alikuwa mchimba barafu upande wa pili wa Mwezi, mwendo wa siku mbili kwa gari la minyororo. Aliyekwenda huko alikaa mwaka. Na magoti ya Kalunde, hata kwenye nchi ile ambayo mtu hana uzito wa kujivunia, yasingefika.

Kalunde akafuta kidirisha kwa ncha ya khanga yake, taratibu, kama anayemfuta mtu uso.

"Kunywa chai kwanza," akasema.

*

"Hodi! Hodi nyumba ya Wanyamwezi! Au nipige hodi Mwezi mzima, maana nasikia mmeurithi?"

Kalunde aliinua kichwa. Ilikuwa miaka mingi hajasikia hodi ya namna ile. "Nani huyo anayepayuka mlangoni kama anauza dagaa?"

"Havijawa, fundi wa mitungi. Mzaramo."

"Ndiyo maana."

Akaingia mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, ameshuka mwezi uliopita na chombo kutoka Duniani. Kichwani alikuwa na masanduku matatu yaliyopandana, makubwa ambayo Tabora yangehitaji wanaume wawili. Kule Mwandamo aliyabeba kama kikapu cha mayai.

"Angalia," akasema, "Mzaramo anabeba, Mnyamwezi amekaa. Dunia imepinduka kweli. Zamani nyinyi ndio mlitushushia mizigo pwani."

"Na nyinyi mkatupokea kwa shanga za uongo."

"Mlizipenda!"

"Tulizipenda," Kalunde akakubali, na midomo yake ikataka kufanya kitu kilichofanana na kucheka, lakini ikaacha. "Karibu, mtani. Chai iko mezani."

Havijawa hakuiendea chai. Alimtazama mtoto, akasikiliza kifua chake kwa kuweka sikio mgongoni, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mtungi. Akatoa mfukoni kioo kidogo chenye mshale, akakishika hewani. Mshale ukapanda ukapita katikati.

"Asilimia sabini na moja. Nyumba hii ni bwawa. Kwa binadamu inatakiwa thelathini mpaka hamsini, na nyumba yenye mtoto mchanga mimi huiweka arobaini na kitu. Zaidi ya hapo kuta zinaota ukungu." Akafungua kifuniko. Utambi, ambao ukiwa mpya ni mweupe, ulikuwa mweusi kama wa koroboi. Akaingiza kidole kwenye bakuli la maji, akakipitisha kwenye kioo mbele ya taa. Kidole kiliacha utelezi wa rangi ya waridi. "Na hiki kinachonukia ni nini?"

"Mafuta ya ubani. Matone mawili tu."

"Bibi, mtungi si chetezo. Mafuta yanaziba utambi, na huu uchafu wa waridi unayala na kunenepa. Ukiweka ubani juu ya uozo, unapata uozo wenye manukato."

"Ulikuwa umeanza kunuka," Kalunde akasema.

"Mtungi ukinuka unaoga, haupakwi marashi. Kengele haikulia?"

Havijawa akainama, akatazama tundu la kengele, akakwangua kwa ukucha. Akanusa. Akalamba.

"Nta," akasema. "Tena ya miombo."

Nyamizi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Akamtazama bibi yake, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma barua mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuiamini.

"Bibi. Ulijua?"

Kalunde akanyoosha khanga yake magotini.

"Kwamba ni mtungi unaomkohoza mwanangu. Ulijua?"

"Chai ya fundi inapoa," Kalunde akasema.

Nyamizi akageuza kisogo. Halafu akaingia chumbani na mtoto, na haukupita muda wakasikia zipu ya begi ikivutwa.

*

Havijawa alikuwa mtu wa watu. Alijua chumba kikijaa kimya inabidi mtu atie maneno. Akafungua masanduku yake.

"Tuseme hutaki huu uoshwe. Sawa. Chagua mwingine, huu tuuweke kando umefunikwa. Huu wa kwanza ni wa kuchemsha. Maji yanachemka kabisa, hakuna mdudu anayepona."

"Na mtoto akiupapasa?"

"Anaungua."

"Ondoa."

"Huu wa pili ni wa kutetemesha. Kuna kisahani chini kinatetemeka, maji yanapasuka yanakuwa ukungu. Hauna kelele, unapendeza, una hata taa. Lakini maji ya huku yametoka kwenye barafu ya mashimoni, yana mawe ndani yake. Ukungu ukikauka, mawe yanabaki hewani. Wiki moja, meza yako nyeupe kama imemwagiwa unga, na kifua cha mtoto vivyo hivyo. Utataka maji yaliyokenekwa, ya mvuke uliogeuzwa maji tena, na kila siku."

"Ondoa na huo."

"Huu wa tatu ni wa utambi. Mdogo, wa chumba kimoja, maana mtungi unapimwa kwa ukubwa wa chumba, si kwa ukubwa wa heshima ya mwenye nyumba. Utambi unanyonya, feni inapuliza, mawe yanabaki kwenye utambi. Ukichoka unaweka mwingine. Kwa mtoto mimi huchagua huu bila kufikiri." Akakuna shingo. "Tatizo ni kwamba unafanana kila kitu na ule wako. Wako mzima, Bibi, na ni mzuri kuliko hawa wote. Haujaogeshwa tu."

"Na nikiuweka kando umefunikwa, kama ulivyosema?"

"Utazidi kuoza. Na mfuniko haushiki kila kitu; nyumba ni hii hii, hewa ni hii hii." Akasogea, akasoma kidirisha, na Kalunde akaona macho yake yakisimama kwenye jina la mwisho. "Huyu Mihayo yuko safarini?"

"Ametangulia. Miezi tisa."

"Lo! Pole. Pole sana, mtani." Havijawa akakaa. Sasa akaichukua chai. "Kwenye msiba alikuja mtani gani?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Wakati ule hapa Mwandamo hakukuwa na Mzaramo hata mmoja. Wewe ndiye wa kwanza kuingia nyumba hii."

Kikombe kikarudi mezani. "Mlizika mtu bila mtani?"

"Watu walikuja. Walilia vizuri, waliimba vizuri, walipika. Kila mmoja alikuwa na adabu. Miezi tisa kila anayeingia hapa anazungumza kwa sauti ya chini." Kalunde akatazama mikono yake. "Hakuna aliyelala kaburini akagoma kutoka. Hakuna aliyeniambia bora amekufa nitapumzika kufua soksi zake. Nilikaa nangoja mtu anitukane, hakuna."

Havijawa akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali. Sura yake ikawa ya mtu aliyeitwa kazini.

"Nimechelewa miezi tisa," akasema. "Hiyo kofia ya pama pale ukutani ni yake? Naiomba."

*

Kwa Wanyamwezi na Wazaramo hili halihitaji kuelezwa, lakini wengine mnisikilize. Mtani akija msibani huvaa nguo ya marehemu, akatembea kama marehemu, akasema kama marehemu, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Havijawa akaivaa pama mpaka masikioni. Akatoa tumbo mbele, akaanza kuburuta miguu kuzunguka meza.

"Kalunde! Ugali uko wapi, mwanamke! Mimi Mnyamwezi, bila ugali siinui mguu!"

"Hakuwa hivyo," Kalunde akasema.

"Kalunde! Nani kaiba asali yangu!"

"Hakuwa mtu wa kufoka. Na tumbo hakuwa nalo."

"Basi alikuwa hivi." Havijawa akajikunja kama mzee wa miaka mia, akatetemesha kidevu, akakohoa kwa mbwembwe, akagonga paji la uso kwenye rafu na pama ikamwangukia machoni.

"Hapana. Hapana! Hebu acha." Kalunde alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Toa hiyo kofia. Unamharibu."

"Si unionyeshe! Mimi nitajuaje, sikumwona mume wako!"

Kalunde akaipokonya pama. Ilikuwa bado na harufu ya nywele. Akaiweka kichwani mwake, juu ya kilemba, kwa mshazari, jicho la kushoto likafichika kidogo.

"Alitembea hivi," akasema. Akaweka mikono nyuma, akainua goti juu sana na kuliteremsha kwa uangalifu, akainua na lingine. "Kama anavuka tope. Miaka kumi na moja, kila siku aliogopa akikanyaga kwa nguvu ataruka asirudi."

Havijawa akapiga kofi. "Kumbe mwoga!"

"Mwoga sana. Na mdomo wa chini aliutoa hivi, kama kijiko." Akautoa. Sauti yake ikashuka, ikawa nzito na yenye usingizi kidogo. "'Nyie watu, leo si Ijumaa?' Hapo anakwenda kwa mtungi. Alikuwa anausemesha kama ng'ombe. 'Simama, mama. Simama, usinipige teke.'"

Nyamizi alikuwa ametoka chumbani, begi begani, mtoto kifuani. Akabaki mlangoni. Bibi yake, mwenye pama, alikuwa ameinamia mtungi na kuupapasa ubavuni.

"'Simama, mama. Nani amekuchafua hivi? Wamekuacha siku ngapi?'" Vidole vya Kalunde vikafungua kishikio cha kulia, halafu cha kushoto, kwa mpangilio ule ule aliouona mara mia sita. Vikainua bakuli. Akageuka nalo, goti juu, goti chini, mpaka kwenye mdomo wa bomba la ukutani, lile linalorudisha maji machafu kwenye mtambo wa kitongoji yakachemshwe upya. Akaliinamisha.

Kule juu maji hayaporomoki. Huteremka polepole, mazito, kama uji unaomiminwa na mtu asiye na haraka. Yalikuwa yameshaanza kushuka kabla hajakumbuka ni maji gani.

Mkono ukasimama.

Nusu ilikuwa bado ndani. Chumba kizima kikamtazama. Kalunde alilitazama bakuli, na utelezi wa waridi ukingoni mwake, na maji yaliyobaki. Nusu. Angeweza kuirudisha. Nusu ya saba bado ni kitu. Mgongoni alisikia mtoto akivuta pumzi, ikikwama, akivuta tena.

"'Kalunde,'" akasema kwa ile sauti nzito, mdomo wa chini nje, "'unanitazama nini? Lete siki.'"

Na akaliinamisha bakuli mpaka likawa tupu.

Havijawa ndiye aliyeleta siki, kutoka kwenye sanduku la zana. Wakaliloweka bakuli nusu saa, na katika nusu saa ile fundi alisema yake yote: kwamba kila siku maji yamwagwe na bakuli lipanguswe likauke, kwa kuwa maji yakisimama siku tatu yameshaota, kwamba siki ni mara moja kwa wiki, na baada yake kusuuza mara tatu ili mtoto asivute ukali wake, kwamba utambi ubadilishwe kila miezi miwili, na anayetaka kunukia ajipake mwenyewe. Kalunde akaendelea kusugua, pama kichwani, akitumia mkono wa kushoto kwa sababu Mihayo alikuwa mashoto.

Akasuuza. Akamwaga. Akasuuza tena, akainua kichwa.

"'Kalunde, hii ya ngapi?'"

Hapakuwa na wa kujibu, maana Kalunde alikuwa Mihayo. Miaka yote ile alikuwa akimjibu jibu moja tu, hata kama mzee ameshasuuza mara sita, kwa kuwa alipenda kumwona pale amejikunja anashughulika. Sauti ikatoka mlangoni.

"Ya pili, mume wangu," Nyamizi akasema.

Kalunde akacheka. Kicheko kilianza kama kwikwi, kikapanda, kikamfunga mbavu mpaka akaketi sakafuni na bakuli mapajani. Machozi yakamtoka na kuteremka mashavuni yakijikokota, makubwa, kama yote ya huko. Nyamizi naye akacheka huku akimweleza fundi mchezo ule wa kila Ijumaa, na Wande, ambaye hakuelewa chochote, akapiga ukelele wa furaha, kisha akakohoa.

"Yaani miaka yote mzee anasuuza mara saba, anaambiwa ya pili?" Havijawa akasema. "Halafu watu wanasema sisi wa pwani ndio waongo! Sasa sikilizeni: yale maji yamekwenda kwenye mtambo. Kesho Mwandamo nzima itavuta Mnyamwezi kifuani. Mkisikia majirani wanakoroma, msinilaumu."

Akaweka utambi mpya, akawasha. Kidirisha kikaonyesha majina matatu. Baada ya muda mshale wa kile kioo ukashuka, ukasimama kwenye arobaini na nne. Havijawa akafunga masanduku yake, akayapandisha kichwani, kisha akanyoosha mkono na kuchukua pama kutoka kichwani mwa Kalunde.

"Hii ni yangu. Haki ya mtani."

Kalunde akaifuata pama kwa macho. Ndivyo ilivyo, mtani akichukua, kimekwenda. "Ukiivaa vibaya nitakufuata," akasema.

"Nitaivaa vibaya makusudi ili unifuate. Kwaherini, watu wa mizigo!"

*

Ilikuwa saa saba na nusu. Nje, mwisho wa barabara, gari la machimbo lilikuwa limeshaanza kunguruma, na sakafu ya nyumba ikatetemeka kidogo.

Nyamizi akashusha begi, akalisukuma kwa mguu mpaka nyuma ya mlango. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kicheko.

"Mke mwenzangu," akasema, "umenichosha leo kuliko mume alivyowahi kunichosha. Mshike huyu nikampikie uji."

Akamnyooshea mtoto. Wande akatupa mikono mbele, kwa bibi, kama alivyozoea. Mikono ya Kalunde ikabaki chini, magotini, imelowa siki.

"Ngoja. Usinipe kwanza."

"Una nini?"

"Uliniuliza kitu."

"Bibi, yamekwisha hayo. Umeuosha. Mimi sitaki tena kujua."

"Hayajaisha. Gari halijaondoka, na begi lako bado limejaa. Ukiamua, uamue ukiwa unajua." Akamtazama mjukuu wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Angeweza kusema meno. Angeweza kusema uzee, na Nyamizi angempa mtoto na uji ungepikwa.

"Mwanzoni niliamini ni vumbi, haki ya Mungu," akasema. "Lakini ile Alhamisi uliyokwenda kazini bustanini mapema, nilimtoa nikamlaza barazani, mbali na mtungi, nione. Alilala saa mbili nzima, hakukohoa hata mara moja. Nilikaa pale nikamwangalia. Halafu nikamwinua nikamrudisha pale pale, kwa sababu babu yako alikuwa amebaki saba. Nilijua, Nyamizi."